Ini Linaposemea Miguuni

Mguu ukivimba Garsen, jina la kwanza linalotajwa ni matende. Haishangazi. Tana River, kaunti ulipo mji huo, ni mojawapo ya kaunti za Pwani ambako ugonjwa huo umekaa miaka na miaka, pamoja na Lamu, Kilifi, Kwale, Mombasa na Taita Taveta. Tangu mwaka 2002, kampeni ya kugawa dawa za matende ilipoanzia Kilifi, watu wa Pwani wamefundishwa kuutazama mguu na kuuliza habari za mbu. Mafunzo hayo yamefaa sana. Yameacha pengo moja tu: mguu uliovimba umepewa jina moja, na mwenye mguu akishapewa jina hukaa nalo nyumbani.

Uko uvimbe mwingine ambao hauna uhusiano na mbu. Huo hutoka kwenye ini. Ini limejificha juu kulia chini ya mbavu, na lina desturi ya kuumia kimya. Mtu aweza kuishi na ini linalochakaa kwa miaka ishirini huku akilima mpunga, akiswaga ng'ombe au akivua kambare, asihisi lolote la kumpeleka zahanati. Linaposhindwa kazi, mara nyingi habari hutokea mbali na lilipo: machoni, tumboni, miguuni. Mtu huona ndara zilizokuwa zikimtosha sasa zinambana jioni. Huona soksi zimemchora mstari juu ya kifundo. Akibonyeza, shimo linabaki.

Shimo hilo ndilo kipimo cha kwanza, na halihitaji mashine. Kaa kitako, nyosha mguu, weka kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, kama upana wa vidole vitatu juu ya kifundo. Bonyeza taratibu bila kuachia, ukihesabu hadi kumi. Ondoa kidole, tazama, kisha pitisha ncha ya kidole juu ya pale ulipobonyeza, maana shimo dogo huhisiwa kabla ya kuonekana. Ngozi ikiwa imerudi mahali pake, hakuna maji. Shimo likibaki, chini ya ngozi pamejaa maji. Afadhali ufanye hivyo jioni, kwa kuwa usiku maji huhama mtu akilala na asubuhi mguu unaweza kuonekana mzima. Mgonjwa ambaye siku nyingi hajainuka kitandani asitazamwe miguu peke yake. Abonyezwe kiunoni, juu ya makalio, maana maji hufuata upande wa chini popote mwili ulipolala.

Halafu bonyeza na mguu wa pili. Watu wengi hawafanyi hivyo, ilhali nusu ya jibu iko pale. Uvimbe wa ini hushuka miguu yote miwili kwa kiasi kinacholingana, hauna joto, hauna maumivu makubwa, na ngozi juu yake huwa laini, imevutika na kung'aa. Matende kwa kawaida huelemea mguu mmoja, au hushika miwili kwa kiasi tofauti, na kadiri miaka inavyopita ngozi huwa nene, ngumu, yenye mikunjo na vinundu, kidole kikibonyeza kisiache alama. Mwenye matende mara nyingi atakusimulia homa za kurudiarudia, mitoki kinenani, na kwa wanaume labda busha. Naongeza tahadhari moja: matende yakiwa machanga nayo huacha shimo, na huweza kupungua usiku. Kwa hiyo kidole gumba hakitoi hukumu. Kinatoa sababu ya kuuliza zaidi.

Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu ndani ya chafu, usidhaniwe upesi kuwa ni matende wala ini. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Mama mjamzito akivimba miguu pamoja na mikono na uso, akiumwa kichwa au kuona vimulimuli, apimwe shinikizo la damu bila kungoja tarehe ya kliniki. Mtoto aliyevimba nyayo baada ya njaa au kuhara kwa muda mrefu ana utapiamlo. Anayeamka na kope zimevimba afikiriwe figo. Anayeshindwa kulala chali kwa kukosa pumzi afikiriwe moyo. Haya yote yapo Tana Delta, na ndiyo sababu nakataa jina moja.

Kwa nini basi ini liharibike juu, maji yaonekane chini? Ini hutengeneza protini iitwayo albumini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuyashika maji yabaki ndani ya mishipa ya damu. Kila chembe ya albumini hukaa mwilini takriban majuma matatu kisha hubadilishwa na mpya. Ini likichoka, mpya hazitoshi, damu inakuwa nyepesi, na maji yanavuja. Hilo ni la kwanza. La pili ni msukumo. Damu yote inayotoka matumboni na kwenye wengu hupitia mshipa mmoja mkubwa kuingia ndani ya ini, na ini lenye makovu huwa gumu kupitisha damu hiyo. Mkulima wa skimu ya Hola au Bura anajua mfereji ukizibwa mbele maji yanafanya nini nyuma: yanapanda, yanapasua kingo, yanatafuta njia zisizo zao. Ndivyo tumbo linavyojaa maji, wengu kuvimba, na mishipa ya koo la chakula kutuna hadi siku moja kupasuka na mtu akatapika damu. La tatu ni figo. Zikihisi damu inayozifikia imepungua nguvu, hudhani mwili umekauka, nazo huanza kushikilia chumvi na maji. Mtu anakunywa na kula kama kawaida, ila kinachoingia hakitoki.

Ndiyo maana mguu wa ini ni nadra kuja peke yake. Mtazame mwenye mguu huo kutoka mbele na kutoka ubavuni. Tumbo limetokeza, kitovu kimesukumwa nje, lakini mabega yameingia, mikono imekonda, na mapaja yamebaki mifupa. Ini bovu huula msuli. Nimesikia watu wakimsifu mtu wa namna hiyo kwamba amenenepa, amepata kitambi cha neema, kwa sababu macho yao yameishia tumboni. Wangeshuka hadi kwenye mapaja wangeona habari tofauti kabisa.

Miguu ina mengine ya kusema. Kuna mwasho wa nyayo na viganja usioandamana na vipele, unaozidi usiku, unaomfanya mtu ajikune muundi hadi atoke damu. Husababishwa na nyongo isiyopata njia ya kutoka, ikirudi kwenye damu. Upele wa kawaida huanzia katikati ya vidole na huwashika wengi nyumba nzima. Mwasho wa nyongo humshika mmoja. Mama mwenye mimba kubwa akiwashwa nyayo na viganja usiku bila vipele, asiambiwe ni joto la Garsen. Aende kliniki apimwe ini, kwa kuwa hali hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Kuna michubuko. Ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya vitu vinavyogandisha damu, na wengu uliovimba huzizuia chembe sahani zisifike zinakotakiwa. Mtu hujigonga kidogo kwenye mtumbwi au ukingo wa kitanda, na wiki nzima muundi una baka. Wakati mwingine hutokea vidoa vidogo vingi kwenye miundi, visivyowasha, visivyofifia ukivibonyeza. Kuna misuli ya chafu kukaza usiku hadi mtu aruke kitandani, jambo ambalo wagonjwa wa ini hulipata mara nyingi. Kuna ganzi na moto wa nyayo, hasa kwa aliyekunywa pombe kali miaka mingi au mwenye kisukari. Na kuna vidonda visivyopona, kwa sababu ngozi iliyojaa maji hupasuka upesi na wadudu wa maradhi huingia kwa urahisi.

Vitabu vingi vya udaktari viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Vinataja wekundu wa viganja, vijishipa vyekundu kama buibui kifuani, rangi ya manjano mwilini. Kwa Mpokomo, Muorma, Mwardei au Mgiriama ishara hizo nyingi hazionekani, au huonekana zimechelewa. Manjano itafutwe kwenye weupe wa jicho, mchana, karibu na mlango au dirisha, na chini ya ulimi. Rangi ya mkojo itazamwe, kwani nyongo huufanya kuwa kama chai ya rangi. Na kidole gumba kibonyeze, kwa maana shimo halichagui ngozi.

Sasa tuulize ini la mtu wa Tana huharibiwa na nini. Jibu linaloruka kinywani ni pombe, na jibu hilo limeua watu. Pombe huharibu ini, hilo halina ubishi, iwe mnazi, busaa, chang'aa au chupa yenye lebo. Lakini penye imani kwamba ugonjwa wa ini ni ugonjwa wa walevi, mtu asiyekunywa hajifikirii, na anayejifikiria huona haya. Tuseme ni mzee wa Kiorma wa Kipao, Mwislamu aliyeishi maisha yake yote bila kugusa kileo. Tumbo linajaa, miguu inavimba. Akiambiwa na mwanawe, "Baba, twende ukapimwe ini," atasikia anashitakiwa. Atasema ni uzee, ni safari za malisho, ni miguu ya mtu aliyechunga ng'ombe miaka sitini. Mwana naye, kwa adabu, atanyamaza. Adabu hiyo naiheshimu, lakini naomba mwana aongeze maneno mawili: homa ya ini haina uhusiano na ulevi, na virusi vyake huenda baba alivipata akiwa bado mtoto mchanga.

Hapo ndipo penye kiini cha habari. Homa ya ini aina ya B ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya makovu na saratani ya ini Afrika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi hivyo. Vingi hupatikana mapema: mama humpa mtoto wakati wa kujifungua, au watoto wadogo hupeana kwa damu ya vidonda. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kubaki na virusi hivyo maisha yake yote. Mtu mzima akiambukizwa, uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 5. Zaidi ya hapo kuna kujamiiana, damu isiyopimwa, sindano, na wembe: wembe wa tohara uliopita kwa vijana kadhaa, wembe wa kinyozi, wembe wa kuchanja dawa. Kula sahani moja hakuambukizi. Kupeana mikono hakuambukizi. Mbu haambukizi.

Kenya iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za watoto mwishoni mwa mwaka 2001, ndani ya sindano inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Maana yake ni kwamba waliozaliwa kabla ya hapo, yaani wengi wa wenye familia zao leo, hawakupewa kinga hiyo utotoni. Hao ndio wenye umri wa kuanza kuona miguu ikivimba. Chanjo inawalinda watoto wao. Haikuwahi kuwalinda wao.

Kuna sumu nyingine inayoingia kupitia chakula. Aflatoksini hutokana na kuvu inayoota kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 1981 huko Machakos, kaunti ambayo kipande chake kinapakana na bwawa la Masinga kwenye mto huu huu wa Tana, watu waliokula mahindi yenye kuvu waliugua ini. Wagonjwa 20 walioripotiwa walikuwa na macho ya manjano, homa ndogo na uvimbe wa mwili, na 12 kati yao walifariki. Kabla ya watu kuugua, njiwa walikuwa wamekufa, kisha mbwa. Mwaka 2004 balaa lilirudi kwa ukubwa zaidi Makueni, Kitui na majirani zao: watu 317 waliugua na 125 wakafa. Hiyo ni sumu kwa wingi na kwa mkupuo. Kidogo kidogo kwa miaka mingi sumu hiyo hiyo huleta saratani ya ini, na mwenye virusi vya homa ya ini B anayekula mahindi yenye aflatoksini hatari yake haijumlishwi tu, huzidishwa. Katika kijiji kilichofurikiwa na mto, ghala likilowa, mahindi hayo huanikwa na kurudishwa jikoni kwa sababu hakuna mengine. Siwezi kumlaumu mama anayefanya hivyo. Namwambia tu kwamba kupika hakuondoi sumu hii, na kwamba kuchambua punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizosinyaa kunapunguza sehemu kubwa ya madhara. Wanaoleta mahindi ya msaada baada ya mafuriko nao wana wajibu wa kuyapima kabla ya kuyashusha.

Na kichocho? Nimekisikia kikitajwa kila panapozungumzwa tumbo kuvimba, na hapa mto wenyewe unatoa somo. Kuna aina mbili kuu za kichocho nchini. Moja hukaa kwenye mishipa ya matumbo, mayai yake husukumwa hadi kwenye ini na kulijaza makovu. Hiyo inapatikana Mwea, ambako maji ya mpunga yanatokana na mito inayoishia Tana. Nyingine hukaa kwenye mishipa ya kibofu na kumfanya mtoto akojoe damu. Hiyo ndiyo ya Hola, Garsen na delta yote. Mto ni mmoja, konokono ni tofauti, na yule anayebeba kichocho cha ini hastawi katika joto la nyanda za chini za Pwani. Kwa hiyo kijana wa Garsen anayekojoa damu apewe dawa ya kichocho, prazikwanteli, na asitiwe hofu ya ini. Kichocho chake kikiachwa miaka mingi huziba njia za mkojo na kuumiza figo, na figo zikifa miguu huvimba vilevile, ingawa kwa njia nyingine. Lakini aliyekulia Mwea au kando ya Ziwa Victoria kisha akaja kufanya kazi huku, akivimba wengu na kutapika damu, tabibu amuulize alioga mto gani utotoni.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni kinachofanyika kati ya siku mguu unapovimba na siku mtu anapofika hospitali. Kituo cha kwanza huwa kemisti. Mteja anaonyesha mguu, anapewa diklofenaki au aibuprofeni, dawa za maumivu na uvimbe. Kwa aliyeteguka kifundo hizo zinafaa. Kwa mwenye ini lenye makovu ni hatari kweli kweli: hupunguza damu inayoingia kwenye figo zilizokwisha kuelemewa, na huongeza uwezekano wa kutokwa na damu tumboni. Wengine huuziwa vidonge vya kukojosha. Siku mbili za kwanza mguu unapungua, mtu anafurahi, anaongeza vingine, na bila kupimwa damu anaweza kupoteza chumvi muhimu za mwili, akachanganyikiwa akili na figo zikazima. Dawa hizo hutumika kutibu maji ya ini, lakini kwa vipimo, na kwa kawaida huanza na aina nyingine isiyopoteza potasiamu.

Wengine huanza kwa miti shamba. Siidharau tiba ya wazee wetu. Lakini ini ndilo linalochuja kila kinachomezwa, na baadhi ya mizizi na magome huongeza jeraha juu ya jeraha. Kubaya kuliko kote ni kuuchanja mguu uliovimba ili maji yatoke. Damu haigandi vizuri, ngozi haina nguvu ya kupona, wembe haujulikani umetoka wapi. Maji kidogo yatatoka, ndiyo. Wadudu wataingia.

Jambo la nyumbani linalosaidia ni kupunguza chumvi. Mwenye maji ya ini hushauriwa asizidishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, tena kikihesabiwa na iliyomo ndani ya vyakula vyenyewe. Hapa Tana Delta chumvi kubwa haiko kwenye kopo la jikoni. Iko kwenye ng'onda, papa mkavu, na samaki wa kukaushwa kwa chumvi ili asafiri. Familia ikipunguza chumvi ya mchuzi na kuendelea na ng'onda kila jioni, haijapunguza kitu. Kambare mbichi anafaa zaidi, na mto unaye. Mgonjwa asinyimwe samaki, maharagwe wala maziwa kwa dhana kwamba ini bovu halitaki protini. Misuli yake inaisha. Anahitaji chakula, na anahitaji kula kitu kabla ya kulala.

Kuhusu pa kwenda, anayeishi Garsen ana kituo cha afya mjini na hospitali ya Ngao upande wa pili wa mashamba. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Hola, na wengi huchagua kufuata lami hadi Malindi, kama kilomita 110. Si safari ndogo kwa mtu ambaye hawezi kuvaa viatu. Kwa hiyo aulize mapema anakokwenda kama kipimo anachokihitaji kipo siku hiyo. Vya kuanzia si vingi: kipimo cha homa ya ini B, ambacho hutumia tone la damu ya kidole na kutoa jibu kwa dakika chache, mkojo uchovywe kijiti kuona kama protini inavuja, maana hapo figo hujitenga na ini, shinikizo la damu, albumini na chembe sahani, kisha ultrasaundi ya tumbo. Tabibu akimtazama mguu bila kugusa tumbo, mgonjwa ana haki ya kusema, "Daktari, naomba unibonyeze na tumbo."

Mwaka 2023 serikali iliwasambaza wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, wakiwa na mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari. Hao wanaingia nyumba ambazo daktari hatazifikia: Ozi, Kilelengwani, Kulesa, Idsowe, maboma ya wafugaji ng'ambo ya barabara. Wamefundishwa mengi. Ningependa kuona wakifundishwa na hili la kubonyeza miguu yote miwili, kutazama macho, na kuuliza kama tumbo limekua. Ningependa pia kuona kipimo cha homa ya ini B kikiwa jambo la kawaida katika kila zahanati ya kaunti, kama kilivyo cha malaria.

Kuna dalili ambazo hazingoji lami wala foleni. Kutapika damu. Kinyesi cheusi kama lami. Tumbo lenye maji likianza kuuma pamoja na homa. Mtu kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, kulala mchana na kukesha usiku, mikono ikimpepesuka akiinyoosha mbele. Watu wa nyumbani wanaweza kudhani amepandwa na jini. Ni sumu ambazo ini limeshindwa kuzichuja zimefika kwenye ubongo, na zina dawa.

Akipatikana na virusi vya homa ya ini B, yapo matibabu. Tenofoviri, kidonge cha mara moja kwa siku, huvikandamiza virusi, na kwa baadhi ya watu hata ini lililokwisha kuwa na makovu hupata nafuu na miguu kukauka. Si kila mwenye virusi anayehitaji kuanza dawa mara moja. Hospitali hupima kwanza. Dawa hiyo ndiyo mojawapo ya zile wanazopewa wanaoishi na virusi vya ukimwi, na wapo walioiacha kwa kuogopa jirani ataliona kopo lake. Familia ifahamishwe wazi dawa ni ya nini, ili mgonjwa asimeze kwa kujificha.

Na familia hiyo nayo ipimwe: mke au mume, watoto, ndugu wa tumbo moja, mama ikiwa yu hai. Asiyekutwa na virusi na asiye na kinga hupewa sindano tatu, ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu ikitimia miezi sita tangu ya kwanza. Anayeishi chini kule delta ahesabu miezi hiyo kabla ya kuanza. Akianza Novemba, ya tatu itaangukia Mei, na masika yakiwa mazito mto utakuwa juu ya njia. Amwombe muuguzi ampangie siku ambayo mtumbwi utaweza kuvuka, kwa kuwa sindano iliyochelewa wiki chache bado inafaa na haimlazimu kuanza upya.